Kufunga Viti Vingine kwenye MGB ya Zamani: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Tanga

MGB ni gari dogo la michezo ambalo kiwanda cha MG cha Abingdon, Uingereza, kilianza kulitengeneza mwaka 1962 na kuacha mwaka 1980. Injini yake ina sentimita za ujazo 1,798, na lile la wazi lina viti viwili tu na paa la turubai. Halina chesisi inayojitegemea kama Land Rover za enzi zake. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na kwa hiyo sakafu anayokanyaga dereva, vizingiti vya milango na mgongo wa kati unaofunika giaboksi ndivyo vinavyolishika gari lisipinde. Anayefunga kiti kwenye gari hili anakifunga kwenye mwili wa gari wenyewe, na ubora wa kazi yake hauwezi kuzidi ubora wa bati lililo chini.

Sababu za kubadilisha viti zinaeleweka. Mikanda ya mpira iliyotandikwa chini ya godoro hukakamaa kwa joto na kukatika, sponji hugeuka vumbi, na viti vya miaka ya mwanzo havina kiegemeo cha kichwa, kiasi kwamba gari likigongwa kwa nyuma shingo ya aliyekaa haina cha kuizuia. Kinachonisumbua ni kuiona kazi hii ikichukuliwa kama pambo: mtu anachagua rangi ya ngozi, anampa fundi viti, na jioni anaondoka navyo vikiwa vimeshikwa na bolti nne za dukani kwenye sakafu iliyoliwa na kutu chini ya zulia. Katika ajali ambamo gari linasimama kwa nguvu mara 20 ya uzito, kiti cha kilo 15 peke yake huvuta bolti zake kama mzigo wa kilo 300, na hapo aliyekalia bado hajahesabiwa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu sakafu, bolti na mkanda.

Hatua ya kwanza: Kuchagua kiti kinachoingia

Viti vinavyofungwa kwenye MGB viko vya namna tatu. Vipo vipya vilivyotengenezwa kwa mfano wa vile vya asili, ambavyo huagizwa Uingereza pamoja na reli zake na huingia kwenye matundu yaleyale. Mwenye uwezo wa kuvinunua anahitaji tu sehemu ya mwongozo huu inayohusu sakafu na mikanda. Vipo viti vya mashindano vya gamba moja, visivyolala nyuma. Na vipo vilivyotolewa kwenye gari jingine, hasa Mazda MX-5, gari la Kijapani lililozinduliwa mwaka 1989, ambalo viti vyake ni vyembamba, vifupi kwa kimo na vina kiegemeo cha kichwa kilichoungana na mgongo.

Kwa gari la kutembelea barabarani napendekeza hivi vya tatu bila kusita, na hasa vile vya toleo la kwanza la MX-5, lililotengenezwa hadi mwaka 1997. Hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika wa Dar es Salaam, na ukivumilia kutafuta utapata jozi ambayo reli zake bado zinateleza vizuri. Usinunue kiti cha gari la miaka ya karibuni chenye mfuko wa hewa ubavuni. Utakitambua kwa lebo iliyoshonwa pembeni mwa mgongo na kwa plagi ya njano chini ya godoro. Mfuko huo hufumuliwa kwa baruti, MGB haina kompyuta ya kuuongoza, na fundi anayeshona au kuchomelea karibu nao anahatarisha uso na mikono yake.

Kiti cha gamba moja kina mahali pake, napo ni katika gari lililofungwa bomba la chuma la kuwalinda waliomo endapo litapinduka. Kiti hicho hutarajia mkanda wa mashindano unaopita mabega yote mawili, nao humshikilia mtu wima. Gari la wazi lisilo na bomba hilo likibinuka, aliyefungwa hivyo hawezi kuinama wala kulala pembeni. Ukiwa na bomba na ukataka kiti cha namna hii, tafuta lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Kiwango cha 8855-1999 ndicho kilichozoeleka, na kiti chake huhesabiwa kuwa halali kwa mashindano kwa miaka 5 tangu kutengenezwa. Magamba ya faiba yasiyo na lebo yoyote, hata yakiwa mazuri kwa macho, yaache dukani.

Kabla ya kulipa, pima. Chukua futi ya chuma upime nafasi kati ya kizingiti cha mlango na mgongo wa kati katika kimo cha aina tatu: sakafuni, usawa wa godoro, na usawa wa nyonga za aliyekaa. Pima vilevile kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa usukani, kwa kuwa usukani wa MGB za mwanzo una kipenyo cha zaidi ya sentimita 40 na huacha nafasi ndogo kwa mapaja. Kisha kata boksi gumu kwa umbo la kiti unachokitaka, ukizingatia mbavu zake zilizotokeza, uliweke ndani ya gari na ufunge mlango. Boksi likikunjwa na mlango au likiizuia breki ya mkono isipande, kiti nacho kitafanya hivyohivyo.

Hatua ya pili: Kutoa viti vya zamani

Anza na umeme. MGB nyingi zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, chini ya kifuniko kilicho sakafuni, na za baadaye zina betri moja ya volti 12 mahali hapohapo. Zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1967 zina jambo la kuangaliwa kwa makini, kwani upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Usidhani tu kwamba waya wa hasi ndio wa kutangulia kutolewa. Fuata kwa macho waya unaokwenda kwenye bati la gari, na huo ndio uanze nao.

Bolti za asili za reli ni za nyuzi nyembamba za vipimo vya inchi, ziitwazo UNF, za inchi 5/16, na kichwa chake hutaka spana ya nusu inchi. Spana namba 13 huingia lakini hulegea kidogo, na ulegevu huo kwenye bolti iliyoshika kutu hula pembe za kichwa. Siku moja kabla ya kazi, ingia chini ya gari lililowekwa juu ya stendi imara, safisha ncha za bolti kwa brashi ya waya na uzipulizie mafuta ya kulegeza kutu, kisha uziache zilale nayo. Usitumie moto wa gesi kulegeza, kwani bomba la petroli na waya mkuu wa betri hupita chini ya gari, na zulia liko juu. Bolti ikizunguka pamoja na nati iliyochomelewa chini yake, kata kichwa kwa grainda taratibu, huku msaidizi akiwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi.

Viti vya asili usivitupe wala usivikate ili kupata reli. Funga kila bolti, washa na kipande cha mbao cha kujazia katika mfuko wenye alama ya upande wake, uvihifadhi viti katika chumba kikavu juu ya mbao, si juu ya sakafu ya saruji. Thamani ya gari la kale hubaki pale ambapo anayelirithi anaweza kulirudisha lilivyokuwa, na nasisitiza jambo hili kwa sababu kila jozi ya viti vya asili inayochanwa nchini hairudi tena.

Hatua ya tatu: Sakafu

Hapa ndipo kazi ilipo. Hewa ya Tanga ina chumvi mwaka mzima, mvua za masika hupita kwenye mishono ya turubai, na zulia la MGB limetandikwa juu ya kitambaa kinene kinachonyonya maji na kuyashika kwa majuma. Chini ya reli za asili kuna vipande vya mbao vya kujazia kimo. Mbao hizo zikilowa hukaa na unyevu juu ya bati hasa pale ambapo bolti zinapita. Gari linaweza kuwa na sakafu safi inayong'aa katikati na bati lililooza kabisa chini ya kila mguu wa kiti.

Toa zulia lote, toa kitambaa, kwangua lami ya kuzuia sauti mpaka uone chuma kuanzia ukingo wa kizingiti hadi mgongo wa kati. Kisha piga sakafu kwa nyundo ndogo, inchi kwa inchi, ukisikiliza. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti iliyokufa. Palipo na shaka, bonyeza kwa bisibisi ngumu kwa nguvu ya mkono. Ikipenya, huna pa kufunga kiti, na hakuna rangi, faiba wala poda ya kuzibia itakayobadilisha ukweli huo. Kagua pia kutoka chini, hasa pale sakafu inapokutana na mhimili unaokingama chini yake na pale inapoungana na kizingiti, kwa sababu kutu ya gari hili mara nyingi huanzia ndani ya maungio na kutokea nje ikiwa imekwisha kula.

Madoa ya juujuu yanatosha kusafishwa kwa brashi ya waya na msasa, kupakwa dawa ya kubadilisha kutu, kisha redoksaidi, yaani rangi ya msingi ya kuzuia kutu, na rangi ya juu. Tundu moja au mawili yaliyo mbali na miguu ya kiti yanaweza kuzibwa kwa kiraka cha bati kilichochomelewa mzunguko mzima, baada ya kukata mpaka kwenye chuma kizima. Lakini uozo ukiwa chini ya reli, badilisha sehemu hiyo yote. Mabati ya sakafu ya MGB bado yanatengenezwa Uingereza na huja yakiwa na mikunjo yake. Yakikushinda kwa gharama, mafundi wazuri wa bati wa Ngamiani wanaweza kukunja kipande kwa bati la unene wa milimita 1 hadi 1.2. Mkatalie fundi atakayeleta bati la kuezekea. Ni jembamba mno kwa kazi hii, na zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi mbaya linapochomelewa.

Fundi asiye mzoefu wa magari ya wazi aambiwe jambo moja kabla hajawasha grainda. Gari lisilo na paa la chuma hutegemea vizingiti na sakafu lisijikunje katikati, hivyo ukikata sakafu za pande zote mbili kwa pamoja huku gari likiwa limebebwa kwenye ncha zake, bodi hulala, na ikishachomelewa hivyo mlango hautafunga tena kama zamani. Chomelea au funga kwa bolti fito za chuma za muda kukingama mwanya wa kila mlango, beba gari chini ya maeneo ya suspensheni, na ufanye upande mmoja mpaka uishe ndipo uhamie wa pili. Pima mwanya wa mlango kabla na baada. Tangi la petroli liko nyuma chini ya buti. Kwa uchomeleaji wa sakafu yote ni afadhali litolewe, lipelekwe mbali, na bomba lake lizibwe.

Bati likishakamilika, paka redoksaidi juu na chini, ziba mishono kwa gundi ya maungio ya bodi, kisha paka rangi. Chini ya gari ongeza nta ya kuzuia kutu, nayo iingie ndani ya vizingiti kupitia matundu yake. Acha rangi ikauke vizuri. Unyevu wa pwani huchelewesha, na bolti ikikazwa juu ya rangi laini hulegea rangi hiyo inapojikunja chini yake.

Hatua ya nne: Godoro na kitambaa

Watu wengi huacha ushonaji uwe wa mwisho, nami nauweka hapa kwa sababu ya kimo. Sponji mpya yaweza kumpandisha dereva sentimita kadhaa, na vishikilio utakavyotengeneza baadaye hupimwa kwa kiti kilichokwisha kushonwa. Mtu akikaa juu kupita kiasi ndani ya MGB, macho yake hufika kwenye fremu ya juu ya kioo cha mbele, na paa likifungwa kichwa hugusa turubai.

Fundi makochi wa hapa ana ujuzi mkubwa wa usumba, na nyuzi za nazi zilizopakwa mpira zilitumika hata Ulaya kujazia viti vya magari. Kwa gari la wazi la pwani, hata hivyo, naomba usumba uachwe kwa viti vya sebuleni. Hushika maji na chumvi, hukauka polepole, na fremu ya chuma iliyo ndani huoza bila kuonekana. Tumia sponji ngumu ya tundu funge kwa godoro, ambayo hainyonyi maji, na laini kidogo kwa mgongo. Wakati kiti kimevuliwa, safisha fremu yake, kagua kila mchomeleo wa kiungo cha mgongo, na uipake rangi.

Kwa juu, ngozi bandia ya magari huhimili mvua kuliko kitambaa. Chagua rangi isiyo nyeusi. Mchana wa kaskazi gari likiachwa wazi juani, ngozi nyeusi huunguza mapaja. Mwambie fundi atumie uzi wa poliesta, kwani uzi wa pamba huoza.

Hatua ya tano: Vishikilio na mkao wa dereva

Miguu ya reli za MX-5 haiko sawa na matundu ya MGB, wala haiko katika kimo kimoja, hivyo kunahitajika vishikilio vya kati. Kwa gari la barabarani hakuna anayekulazimisha kufuata kanuni za mashindano, lakini kanuni za FIA za ufungaji wa viti zinatoa kipimo kizuri cha kuanzia, nami nashauri usishuke chini yake. Kila kiti kishikwe na bodi katika sehemu zisizopungua 4, kwa bolti za kipenyo kisichopungua milimita 8. Kishikilio kiwe na unene usiopungua milimita 3 kikiwa cha chuma, au milimita 5 kikiwa cha aluminiamu. Chini ya sakafu kila bolti iwe na bamba la kukabili mvuto, na eneo la mgusano lisipungue sentimita za mraba 40. Bamba la milimita 60 kwa 70 linatimiza sharti hilo.

Flatibaa ya chuma ya milimita 5 kwa 40 inatosha kwa vishikilio. Nashauri uepuke aluminiamu kwenye sakafu ya chuma katika mji wa bahari, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi huanza kulana. Epuka pia kurundika washa ili kupandisha kiti. Kimo kikihitajika, kata bomba nene la chuma, au kunja kishikilio chenyewe, kisha kichomelewe kikiwa nje ya gari. Wala usirudishe vipande vya mbao vya zamani: mbao hujikandamiza kwa muda na bolti hubaki bila mkazo.

Kabla ya kutoboa chochote, weka kiti juu ya vishikilio vilivyoshikwa kwa klampu, mwite atakayeendesha gari zaidi, na akae na viatu vyake vya kila siku. Mgongo wake ukiwa umeegemea, akanyage klachi hadi mwisho: goti lake lazima libaki limekunjwa kidogo. Anyooshe mkono juu ya usukani bila kuinua bega: kiganja kipite ukingo wa juu wa usukani na kifundo cha mkono ndicho kikae pale. Apandishe mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki bila paja kugusa usukani. Sehemu ya juu ya kiegemeo cha kichwa isiwe chini ya usawa wa juu wa masikio, na vizuri zaidi ifike utosini. Kiti kitazame mbele sawasawa, jambo linalopimwa kwa futi kutoka ukuta wa mbele wa sakafu hadi kona mbili za mbele za reli. Usiharakishe hatua hii. Mgongo uliopinda kidogo kuelekea pedali hauonekani kwa macho, lakini safari ya Dar es Salaam itauonyesha.

Hakikisha pia kwamba kiti kikisogezwa mbele kabisa unaweza kufikia kifuniko cha betri.

Hatua ya sita: Kutoboa na kufunga

Pale inapowezekana, tumia matundu ya asili kwa angalau mguu mmoja wa kila reli, kwa kuwa kiwanda kiliimarisha bati mahali hapo. Kwa matundu mapya, weka alama, kisha ingia chini ya gari uangalie kila alama inatokea wapi. Bomba la petroli, bomba la breki, waya wa betri na bomba la moshi vyote hupita chini, na tundu likiangukia kwenye ukingo wa mhimili bamba halitakaa bapa. Anza na kekee ya milimita 3, thibitisha tena kutoka chini, ndipo upanue hadi milimita 8.5 kwa bolti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8. Paka redoksaidi kwenye kingo za tundu siku hiyohiyo. Bolti ikipita ndani ya sehemu yenye uwazi, chomeka kipande cha bomba la chuma kati ya bati la juu na la chini, ili kukaza kusiibonyeze sehemu hiyo.

Kuhusu bolti sina nafasi ya kulegeza msimamo. Ziwe na maandishi 8.8, alama ya daraja la nguvu, kichwani, au zikiwa za UNF, ziwe na mistari mitatu ya daraja la 5 au zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia malango. Wenzetu wengi wa pwani huvutiwa na zile zisizoshika kutu, lakini zinazopatikana kwa wingi ni za daraja la A2-70, ambazo nguvu yake ya kukatika ni ndogo kuliko ya 8.8, hivyo ni bora kutumia 8.8 iliyopakwa zinki na kuifunika nta ukishamaliza. Nati ziwe za kujifunga zenye pete ya plastiki ndani, na zikifunguliwa zibadilishwe, kwani pete hiyo hushika vizuri mara ya kwanza tu.

Paka gundi ya kuzuia maji kuzunguka kila tundu, chomeka bolti zote nne, na uzifunge kwa vidole tu. Sogeza kiti mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwisho mara kadhaa. Reli zikiwa hazijalingana, kiti kitakwama au upande mmoja utajifunga na mwingine ukabaki wazi, na kiti kilichofungwa upande mmoja kinaweza kujipinda gari likigongwa. Pima umbali kati ya reli mbele na nyuma, kisha pima pembe kwa pembe. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, reli ziko sambamba. Sasa kaza, ukianza na bolti moja ya mbele na kufuatia ya nyuma upande wa pili, kwa spana yenye kipimo cha nguvu: karibu Nm (nyutoni-mita) 25 kwa M8 ya 8.8, na karibu Nm 45 kwa M10. Baada ya kukaza, sikiliza kufuli za reli zote mbili zikilia kwa pamoja, kisha msaidizi akivute kiti kwa nguvu zake zote mbele, nyuma na pembeni. Kisitikisike hata kidogo.

Hatua ya saba: Mkanda

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda, na MGB ya wazi haina abiria mwingine zaidi ya huyo wa mbele. Kiti kipya kikikaa juu au mbele zaidi kuliko cha asili, njia ya mkanda hubadilika hata kama mkanda wenyewe haujaguswa. Sehemu ya chini lazima ilale juu ya mifupa ya nyonga. Ikipanda tumboni, mkanda huumiza ndani ya tumbo badala ya kuokoa. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega, mbali na shingo, na isikwaruzwe na ukingo wa mgongo wa kiti.

Bolti za mkanda karibu katika magari yote ni za nyuzi za UNF za inchi 7/16, nazo zisichanganywe na bolti ya M11 au M12 kwa sababu tu imeingia mizunguko miwili. Kibano cha mkanda kilichokuja na kiti cha MX-5 kisitumiwe isipokuwa kwa mkanda wake wenyewe, kwani ulimi wa mkanda mwingine waweza kulia kana kwamba umeshika na bado ukachomoka. Mkanda wenye nyuzi zilizochanika, uliopauka kwa jua au uliokwisha kuzuia mtu katika ajali ubadilishwe. Ukiwa na kiti cha gamba moja na mkanda wa mashindano, mikanda ya mabega iende nyuma ikiwa karibu usawa, na kwa hali yoyote isishuke kwa zaidi ya nyuzi 45. Ikishuka mno hukandamiza uti wa mgongo.

Kabla na baada ya kuingia barabarani

Rudisha zulia, lakini badala ya kitambaa kinene cha chini tumia mkeka wa mpira unaoweza kuinuliwa. Unganisha betri, ukimalizia na waya ule ulioanza kuutoa. Mjulishe bima wako kwa maandishi kwamba viti vimebadilishwa, na uhifadhi picha za mabamba na bolti zilivyokuwa kabla ya zulia kurudi, ili askari wa ukaguzi au mnunuzi wa baadaye azione.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya mwendo wa kawaida, kwa mfano hadi Muheza na kurudi. Sikiliza mlio wa chuma unapopita matuta, na mahali patupu funga breki kwa nguvu mara moja ili uone kama kiti kinasogea kwenye reli. Kona za Mombo kupanda Lushoto ni mtihani mzuri wa mbavu za kiti, lakini uzifikie baada ya kukagua mkazo wa bolti kwa mara ya pili, gari likiwa limetembea kilomita mia moja hivi. Baada ya hapo, kila masika ikiisha, inua mkeka, kausha sakafu, tazama rangi kuzunguka kila mguu wa kiti kutoka juu na kutoka chini, na upake upya nta kwenye mabamba.